Kabla ya Kuilaumu Mashine: Kuhusu Wasichana Waliozuiwa Kuzaliwa

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wahitimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kushuhudia siku hii, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme na vijana wanaotoka hapa leo wakiwa wakunga na wataalamu wa altrasaundi. Nimechagua jambo moja tu, kutoa mimba kwa sababu kipimo kimeonyesha mtoto ni msichana, nalo limetokea mbali na hapa, katika nchi ambako mashine mliyoisomea ilienea mapema kuliko kwetu. Nataka mlijue sasa, kabla hamjajikuta chumbani na mama mjamzito aliyelala kitandani huku mkwe wake akisubiri mlangoni kusikia ni mtoto gani.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu wasichana ninaowazungumzia hawaonekani kabisa. Hawana kaburi, hawana jina, hakuna aliyewalilia. Watoto wanapozaliwa bila mkono wa mtu kuingilia kati, wavulana huwa wengi kidogo, takriban 105 kwa kila wasichana 100. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara tofauti ni ndogo zaidi. Wavulana hufa kwa wingi zaidi wakiwa wachanga, na idadi inakuja kulingana yenyewe. Kwa hiyo mkisikia nchi inazaa wavulana 112 au 115 au 120 kwa wasichana 100, mwaka baada ya mwaka, jueni kuna watu wanaochagua.

India wana desturi ya kuhesabu wasichana kwa kila wavulana 1,000, miongoni mwa watoto ambao hawajatimiza miaka 7. Sensa ya 1961 ilikuta wasichana 976. Mwaka 1981 walikuwa 962, mwaka 1991 wakawa 945, mwaka 2001 wakashuka hadi 927, na mwaka 2011 walikuwa 918. Hizo ni hesabu za nchi nzima, na nchi nzima huficha mengi. Mwaka 2001 jimbo la Haryana lilikuwa na wasichana 819, na jirani yake Punjab 798. Punjab ndiyo ghala la ngano la India. Ina mashamba ya kumwagilia, barabara, benki, jamaa walioko Uingereza na Kanada wanaotuma fedha nyumbani. Hapo ndipo msichana mmoja katika kila sita hivi alikosekana.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kudhani ubaya wa aina hii ni ubaya wa maskini na wasiosoma. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia familia za India ambazo mtoto wa kwanza alikuwa msichana. Mwaka 1990, katika familia hizo, watoto wa pili walikuwa wasichana 906 kwa wavulana 1,000. Kufikia 2005 walikuwa 836. Pengo lilipanuka zaidi kwa akina mama waliosoma miaka 10 na zaidi na kwa kaya zenye uwezo. Na pale mtoto wa kwanza alipokuwa mvulana, mtoto wa pili alikuja kwa uwiano wa kawaida. Mnaona picha hiyo? Msichana wa kwanza anapokelewa, hata anapendwa. Anayezuiwa ni mdogo wake. Elimu na fedha hazikumlinda, bali ziliwapa wazazi wake nauli ya kwenda mjini na ada ya kliniki.

Wala msidhani ni jambo la dini moja au taifa moja. Uchina ilifikia wavulana 121 kwa wasichana 100 mwaka 2004. Korea Kusini ilifika 116 na nusu mwaka 1990. Vietnam imeingia, na huko Kaukazi wameingia Waarmenia na Wageorgia ambao ni Wakristo, na Waazerbaijan ambao ni Waislamu. Albania, yenye dini zote mbili, nayo imo. Mwaka 1990 mchumi Amartya Sen aliandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 wamekosekana duniani, na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilikadiria wamezidi milioni 140. Hesabu hizo zinajumuisha pia waliozaliwa wakafa kwa kunyimwa chakula na matibabu, kwani kabla ya mashine kulikuwa na njia nyingine za kumkataa binti.

Sasa, ilikuwaje? Katikati ya miaka ya 1970 madaktari wa Delhi walianza kupima maji ya uzazi kwa sindano wakitafuta kasoro za mtoto. Kipimo kilionyesha na jinsia, na muda si muda watu wakawa wanakiendea hicho tu. Inasikitisha kusema, lakini wapo wataalamu waliokifurahia, wakiamini familia zikipata mtoto wa kiume mapema zitaacha kuzaa. Serikali ikapiga marufuku kipimo hicho kwa ajili ya jinsia katika hospitali zake, na biashara ikahamia kliniki binafsi. Miaka ya 1980 ikaja altrasaundi, isiyotoboa wala kuumiza, ya bei nafuu. Matangazo ya kliniki yaliwaambia wazazi watoe rupia 500 sasa ili waokoe rupia 50,000 baadaye. Kila aliyesoma alielewa. Zile 50,000 ni mali ambayo baba wa bibi harusi hutoa kwa upande wa bwana. Kwetu mahari humwendea mzazi wa binti, na kule ni kinyume chake, ingawa sheria iliikataza tangu 1961.

Lakini mali ya harusi ni sehemu moja tu. Katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa India mtoto wa kiume hubaki nyumbani na binti huondoka kwenda kwa wengine. Shamba hurithiwa na aliyebaki. Mzee akiishiwa nguvu hulishwa na aliyebaki. Akifa, anayewasha moto wa mazishi ni mtoto wa kiume. Na mwanamke mwenyewe, aliyeolewa akaingia katika nyumba ya watu akiwa mgeni, hupata sauti siku anapozaa mwana. Tukisema mama kaua binti yake bila kuutazama ukoo uliomzunguka, tunamtwisha peke yake mzigo uliofungwa na wengi. Kibaya zaidi, anatukanwa kwa jambo ambalo mwili wake haukulifanya. Ninyi mmesoma kwamba kromosomu inayoamua jinsia hutoka kwa baba. Wakumbusheni waume zenu, kaka zenu na baba zenu, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno, maana hata hapa kwetu wapo wanawake walioletewa mke mwenza kwa kosa la kuzaa wasichana watupu.

India ilitunga sheria ya kukataza vipimo vya kuchagua jinsia mwaka 1994, ikaanza kutumika 1996, na kwa miaka kadhaa ikalala kwenye makabati. Mashirika mawili ya kiraia na mtafiti mmoja mwanaharakati, Sabu George, walikwenda Mahakama ya Juu mwaka 2000, na mahakama ikazibana serikali za majimbo. Mwaka 2003 sheria ikaimarishwa. Kila mashine lazima isajiliwe. Kila mjamzito anayepimwa lazima ajaziwe fomu inayoeleza sababu ya kipimo. Kila kliniki lazima ibandike tangazo kwamba hapa hatutaji jinsia ya mtoto. Ndugu zetu wanaokwenda kutibiwa Chennai au Delhi wameliona tangazo hilo ukutani, na mjamzito akiuliza hujibiwa kwa kutikiswa kichwa. Mtaalamu akitaja jinsia, kosa la kwanza ni kifungo hadi miaka 3. Na sheria hiyo ina busara moja ninayoiheshimu: inachukulia kwamba mwanamke alishurutishwa na mumewe au jamaa zake, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Matokeo yake ni yapi? Mtaalamu asiyetaka kutaja alitumia ishara. Kalamu ya buluu au nyekundu kwenye karatasi ya majibu. Salamu ya mungu wa kiume au ya mungu wa kike wakati wa kuagana. Mashine ndogo za kubebeka zikapandishwa kwenye magari na kuzungushwa vijijini. Waliofungwa wamekuwa wachache mno ukilinganisha na ukubwa wa jambo. Sisemi sheria haikusaidia. Haryana, ilipoanza kuwatega madaktari kwa kuwatuma wajawazito walioshirikiana na serikali, iliona idadi ya wasichana wanaozaliwa ikipanda kutoka 871 mwaka 2014 hadi zaidi ya 920 miaka mitano baadaye, kwa takwimu zake yenyewe. Ilipolegea, idadi ikaanza kushuka tena. Hofu hufanya kazi mradi mwenye kutisha yupo.

Na hofu ina gharama yake. Wilaya moja ya Punjab, Nawanshahr, mkuu wa wilaya aliamua mwaka 2005 kuwaandikisha wajawazito wote kwenye kompyuta na kuwapigia simu kuuliza mimba inaendeleaje. Familia iliyoshukiwa ilifuatwa na kundi la waombolezaji mpaka mlangoni. Uwiano wa wasichana ulipanda, na wengi walimsifu. Mimi nikilitafakari jambo hilo kama mkunga, nafsi yangu inasita. Yupo mwanamke ambaye mimba yake iliharibika yenyewe, wiki ya 14, akiwa bado anatokwa damu, na watu wakaja kuomboleza uani kwake kwa kumshutumu. Bila shaka alikuwepo, maana mimba huharibika kila siku. Mwaka 2011 mashirika 5 ya Umoja wa Mataifa, likiwemo la afya na lile la haki za binadamu, yalitoa tamko la pamoja yakionya hivyo hivyo: kupambana na uchaguzi wa jinsia kusigeuke kuwa njia ya kuwanyima wanawake huduma salama na siri yao. Atakayewaambia kwamba dawa ni kumlinda kijusi kwa kumsumbua mama, mkatalieni.

Serikali kuu ya India nayo, Januari 2015, ilizindua kampeni kubwa mjini Panipat, huko huko Haryana, yenye wito wa kumwokoa binti na kumsomesha. Kauli nzuri, mabango mazuri. Miaka michache baadaye kamati ya bunge ilipopitia hesabu za 2016 hadi 2019 ilikuta karibu asilimia 80 ya fedha zilizotolewa zilikwenda kwenye matangazo. Fikirieni shule ngapi za wasichana zingejengwa vyoo.

Nisikilizeni vizuri ninapofika Korea Kusini, kwa sababu ndiko mambo yaligeuka. Wao pia walianza na sheria ya kumfunga daktari mdomo, mwaka 1987. Miaka 3 baadaye uwiano wa wavulana ulifika kilele chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mtoto wa tatu, wavulana walikaribia kuwa mara mbili ya wasichana: wazazi waliokuwa na mabinti wawili walikuwa hawabahatishi tena. Kisha ukashuka, mwaka hata mwaka, na kufikia 2007 ulikuwa 106, kama maumbile yanavyotaka. Ni nchi ya kwanza kupanda kiasi kile na kushuka kabisa.

Kilichobadilika ni nyumba. Watu walihamia mijini, ambako mzee hategemei tena shamba la ukoo na mtoto wa kiume wa kulilima. Mfuko wa pensheni wa taifa ulianza 1988. Marekebisho ya sheria ya familia yaliyoanza kutumika 1991 yaliwapa mabinti haki sawa ya urithi. Na wanawake wa Korea walipigana miongo mingi dhidi ya daftari la ukoo ambalo mkuu wa kaya alikuwa mwanamume: baba akifa, ukuu ulimwendea mwanawe wa kiume hata kama ni mtoto anayenyonya, akawekwa juu ya mama na bibi yake. Februari 2005 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba mfumo huo haupatani na katiba, na tarehe 1 Januari 2008 ukazikwa rasmi. Mwaka huo huo wa 2005 Mahakama ya Juu ilikubali kuwa binti aliyekomaa ni mwanachama wa ukoo kama kaka yake. Leo wazazi wengi wa Korea husema wazi wanatamani binti. Na Februari 2024 Mahakama ya Katiba iliiondoa ile marufuku ya kutaja jinsia kabla ya wiki ya 32, kwa sababu haikuwa na wa kumzuia tena.

Hata ndani ya India ushahidi huo upo. Jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki, lilikuwa na wasichana 970 mwaka 2011, wakati Haryana ilikuwa na 834. Mashine ni zile zile na sheria ni ile ile. Lakini kwa Wakhasi wa Meghalaya ukoo hufuata mama, na nyumba ya wazazi humwendea binti mdogo, ambaye ndiye huwatunza uzeeni. Nani atamzuia mlangoni mrithi wa nyumba yake? Jambo hili si geni kwetu. Ngazidja, kule Komoro, nyumba ni ya binti. Lamu na miji mingi ya Waswahili baba mwenye uwezo humpa binti nyumba anapoolewa, na bwana ndiye anayehamia. Wamakonde, Wamwera na Waluguru wanajua maana ya ukoo wa mama.

Niwaeleze kidogo yanayofuata pale wasichana wanapokosekana, maana wapo wanaodhani wachache watathaminiwa zaidi. Haryana wanaume wasiopata wake wameletewa wasichana kutoka Assam, Bengal Magharibi na Jharkhand, kwa kupitia madalali, mbali na kwao, wasiojua lugha ya nyumba wanayoingia, wakiitwa walionunuliwa mbele ya watoto wao. Wasichana wa Kachin nchini Myanmar wameuzwa Uchina, ambako sensa ya 2020 ilikuta wanaume wanazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Uchache umemfanya msichana kuwa bidhaa.

Na sisi? Watoto wetu huzaliwa kwa uwiano wa kawaida, na ninamshukuru Mungu. Mama wa Kitanzania au wa Kenya akiuliza jinsia, mara nyingi anataka kujua anunue nguo za rangi gani. Lakini naomba tusijipongeze mapema. Uchaguzi wa jinsia huhitaji mambo matatu kukutana: hamu ya mtoto wa kiume, familia kuwa ndogo, na kipimo kuwa karibu. Familia yenye watoto wanane haichagui, maana mvulana atakuja tu. Mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huo ilikuwa 4.8, na mijini ni chini zaidi. Kipimo kimefika hadi vituo vya afya vya kata. Huko kwingine tayari kuna kipimo cha damu ya mama kinachoonyesha jinsia wiki ya 10, na sampuli ya damu husafirishwa kwa ndege.

Imebaki hamu, na hamu tunayo. Mkoani Mara, kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwenzake, desturi iitwayo nyumba ntobhu, ili wana watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na boma lake lisifungwe. Wengine wamewalaumu, mimi naona ni werevu wa mwanamke aliyebanwa na kanuni kwamba bila mwana hana pa kusimama. Kanuni hiyo ndiyo ya kuulizwa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwapa mabinti wa marehemu fungu sawa na kaka zao, wakati hoja iliyoletwa mbele yake ni kwamba wao wataolewa na kuondoka. Lakini Tanzania tamko la sheria za kimila la 1963, linalomweka binti nyuma katika urithi, bado limo vitabuni. Kila mwaka linapobaki humo, linamfundisha baba wa mabinti watatu kwamba bado hajapata mtoto.

Basi ninyi mnaotoka leo mna nafasi ambayo hakimu na mbunge hawana. Ninyi mtaona kabla ya sensa. Mkianza kuona wanawake wenye mabinti wawili wakija mapema, wiki ya 12, ya 13, wakiwa na mume au mama mkwe anayeuliza jinsia kabla ya kuuliza kama mtoto ni mzima, na kisha hawarudi tena kliniki, andikeni. Msiandike majina yao, msiwafuate nyumbani, msiwashitaki. Andikeni idadi: mimba ya ngapi, watoto waliotangulia ni wa jinsia gani, alirudi au hakurudi. Ofisi za usajili wa vizazi zina jinsia ya kila mtoto anayesajiliwa. Tukiziomba zitoe takwimu kwa kufuata mpangilio wa uzazi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, tutaliona pengo likianza miaka mingi kabla halijawa kama la Punjab.

Na jinsia, pale inapotajwa, atajiwe mama mwenyewe, akiwa peke yake, baada ya kuelezwa hali ya mtoto na ya kondo la nyuma, na akitaka yeye. Mwenye mimba ndiye mteja wenu. Anayesubiri mlangoni aambiwe mama na mtoto wanaendeleaje, basi. Kanuni hiyo haijaandikwa katika mwongozo wowote wa vituo nilivyofanyia kazi. Nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja kwenda baraza la taaluma yetu na nakala kwa wizara, likiomba mambo hayo mawili, takwimu kwa mpangilio wa uzazi na kanuni ya chumba. Lipo mezani kwa mkuu wa chuo. Anayekubaliana nalo aweke sahihi kabla hajakabidhi joho lake, na asiyekubaliana aandike pembeni sababu zake, nami nitazijibu.